Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Kidonge cha Asubuhi

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo, mama. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Muda wote uliokaa kwangu Kirumba tuliamkiana mlango ukiwa katikati. Nilisimama nje nikitazama chini, nikasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mama," nawe ukaitikia toka ndani, kisha ukaniuliza mwanangu Minza ameamkaje, wakati Minza alikuwa amelala chumba kimoja nawe. Tuliulizana habari ambazo kila mmoja alikuwa anazijua. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu, na mimi niliipenda.

Kabula, mke wangu, ndiye aliyeniambia nikuandikie. Nilimjibu kwamba naona aibu. Akasema niandike na aibu yangu hivyo hivyo, na kama kuna watu wengine watasoma basi wasome, ila jina la mama yake nisiliweke. Sitaliweka.

Nakumbuka siku alipokuleta kutoka Sengerema. Ulikuwa umeanguka shambani, na hospitali walikuwa wamesema ni presha, wakataka ukae karibu nao wakupime mara kwa mara. Ulishuka garini na furushi la udaga, ile mihogo mikavu ya ugali, na kuku mmoja, ukasimama mbali na mimi, ukajifunika khanga vizuri. Nilikupokea furushi kwa kukuacha uliweke chini kwanza, kisha mimi nikaliokota. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na mkwe hakanyagi chumba anacholala mama. Mimi nililelewa hivyo na wewe ulilelewa hivyo, wala hapakuwa na haja ya kuelezana.

Tabu ilikuwa nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ndogo, vyumba viwili na ua, imebanwa na mawe kama nyumba nyingi za upande ule wa Kirumba. Choo kilikuwa juu, nyuma ya jiwe kubwa, na ili kukifikia ilibidi mtu atoke chumbani, akatize ua wote, apande ngazi za mawe mbele ya macho ya kila aliyekuwepo. Kivuli cha jiwe hilo ndicho kivuli pekee tulichokuwa nacho. Aliyetaka kupumzika mchana alikaa pale, na aliyekaa pale aliona kila anayekwenda na kurudi.

Mwanzoni hilo halikuwa tatizo. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi katika kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato. Niliondoka kabla jua halijatoka na kurudi alasiri. Dawa zako zilikuwa za aina mbili, kidonge cha jioni, na kingine kidogo cheupe cha asubuhi ambacho kazi yake ilikuwa kutoa maji mwilini. Kabula alinieleza hayo kwa sauti ya chini, nami nikageuza mazungumzo haraka. Lakini nilielewa. Ukishameza kile cheupe, hukai. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mpaka jua la saa sita. Saa hizo mimi sikuwepo, Minza alikuwa shule, Kabula alikuwa sokoni na mitumba yake, na ua ulikuwa wako.

Ulipata nafuu tukaiona sote. Miguu iliacha kuvimba. Ukawa unachambua mchicha, unafagia ua kabla hatujaamka, unamsuka Minza nywele jioni huku ukimsimulia habari za baba yako aliyekuwa na ng'ombe wakali. Mimi nilisikiliza nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikacheka peke yangu bila kutoa sauti.

Kisha kiwanda kikapata mwenyewe mpya. Tulikusanywa nje ya bohari, wakasoma majina ya wanaobaki. La kwangu halikusomwa. Siku hizo kila mtu Mwanza alikuwa na ndugu au jirani aliyepunguzwa kazi, viwanda vya watu binafsi ndiyo vilikuwa vinaanza, maduka yamejaa vitu, na sisi tuliozoea king'ora cha asubuhi hatukujua mikono yetu tuipeleke wapi. Kabula hakunisema hata neno moja. Aliongeza tu safari zake za Sirari, mpakani, kufuata mzigo, akawa anakaa huko siku kadhaa kabla ya kurudi.

Mimi nilibaki nyumbani. Nilibaki kwa sababu sikutaka kuonekana barabarani saa ambazo mwanamume mwenye kazi haonekani. Jirani mmoja alikuwa ameshaniuliza, kwa upole tu, kama niko likizo. Nilimwambia ndiyo. Baada ya hapo sikuwa na njia ya kupita mbele ya nyumba yake. Nikachukua kigoda na redio, nikakaa kwenye kivuli cha jiwe toka asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo uliacha kutoka nje.

Niliona siku za mwanzo, nikadhani umechoka. Kisha nikaona kwamba unafagia ua kukiwa bado giza na ukisikia tu mlango wangu, unarudi ndani. Mchicha ukawa unachambulia chumbani. Minza ndiye aliyekuletea maji na ndiye aliyetoa vyombo. Nilipokuamkia uliitikia kwa sauti ndogo kuliko zamani, wala hukuuliza tena habari. Nikajijibu mwenyewe: mama ananidharau. Ameona kwamba aliyemwoa mwanawe ni mtu wa kukaa na redio wakati mwanawe anabeba marobota mpakani.

Liliniuma, mama. Lakini sikulisema, si kwako wala kwa Kabula. Nilichofanya ni kukaa pale pale kwenye kigoda kwa ukaidi zaidi, nikajiambia hii ni nyumba yangu na huu ni ua wangu. Nilikuwa na umri wa kuwa na akili, nikafanya hivyo.

Kabula akiwa safarini aliniachia kazi moja, niulize kama umemeza dawa. Hata hiyo ilinitia haya. Nilisimama mlangoni asubuhi nikasema, "Mama, dawa?" Ukajibu, "Nimemeza, baba." Nikarudi kivulini haraka kana kwamba nimeuliza jambo baya. Sikujiuliza ni kwa namna gani mtu aliyemeza kidonge kile anaweza kushinda ndani mpaka alasiri bila kutoka. Nilikuwa nakilinda kivuli changu.

Miguu yako ilianza tena kuvimba. Minza aliniambia, nami nikamjibu kwamba mama yake akirudi atakupeleka kupimwa. Ningeweza kukupeleka mimi. Sikutaka kutembea nawe mchana barabarani, mimi mtu wa likizo isiyokwisha.

Asubuhi ile Kabula alikuwa Sirari. Nilisikia kitu kimeanguka chumbani kwako, kisha kimya. Niliita, "Mama." Niliita tena. Nikatoka mpaka kwa jirani nikitafuta mwanamke yeyote wa kuingia badala yangu, lakini saa hizo wanawake wote walikuwa wameshateremkia Mwaloni kununua dagaa. Nikarudi mlangoni nikasimama. Nakuambia ukweli, mama, nilisimama. Kama ungekuwa mama yangu mzazi ningekuwa nimeshaingia zamani.

Ndipo nikasikia sauti yako, nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. "Usiingie, baba."

Nikaingia. Ulikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, khanga imekutoka kichwani, mdomo umepinda upande, mkono wa kushoto umelala kama si wako. Uliinua ule wa kulia ukajifunika uso. Ukasema tena, "Usinibebe." Nilivua shati langu nikakufunika kichwa nisikuone nywele, nikakuinua, nikakuweka mgongoni.

Hukuwa mzito. Tulishuka ngazi za mawe za kuelekea barabarani, tukapita mbele ya nyumba ya yule jirani, tukapita gengeni ambapo watu waliacha kuongea. Mwanamume kifua wazi amembeba mkwewe mgongoni, mchana kweupe. Nilihisi majimaji ya moto yakishuka mgongoni kwangu mpaka kwenye suruali, na nilihisi mwili wako unavyojikaza kuyazuia na kushindwa. Ulilia kidogo karibu na sikio langu. Pikapu ya samaki ilitupakia barabarani, ukalazwa juu ya magunia, mimi nikakaa miguuni pako nikitazama nyuma mpaka hospitali.

Muuguzi aliyekupokea alikuwa binti mpole. Akakuinamia akauliza, "Bibi, dawa za presha ulikuwa unameza?" Ulinitazama mimi, halafu ukageukia ukuta. Akauliza mara ya pili. Mimi nikajibu kwa niaba yako kwamba anameza, namuuliza kila siku. Akaandika.

Kabula alifika keshokutwa yake. Alishinda nawe wodini mchana kutwa, na jioni alipokuja nyumbani hakula. Alikaa mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Mama hajameza kile cha asubuhi tangu uache kazi," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, kama zimemuishia, maana hospitali walikuwa wameanza kutoza pesa na nilidhani labda ametuonea huruma. Akasema dawa zipo, zimejaa kopo.

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu upo. Utamwona akienda chooni. Asubuhi nzima akupitie mbele, wewe mkwe wake? Kasema heri presha."

Kabula alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amechoka tu. Na mimi kitu cha kwanza nilichopata moyoni kilikuwa nafuu. Hili ndilo nimelificha kuliko yote, ndilo lililofanya barua hii inishinde mara nyingi. Mama wa mke wangu amelala wodini, mdomo umepinda, mkono hauinuki, nami nafurahi kwamba kumbe hakunidharau. Furaha hiyo haikukaa, lakini ilikuwepo, na niliiona, na tangu siku hiyo najijua.

Uliporudi nyumbani Kabula alitaka tujenge choo kingine upande wa chumba chako. Tukapima tukakuta jiwe. Akataka kukurudisha Sengerema kwa mjomba, lakini huko hospitali ilikuwa mbali. Mimi sikusema nitafanya nini, kwa sababu kulisema kulikuwa ni kulitaja lile jambo. Jumatatu iliyofuata niliamka saa zile zile za zamani, nikavaa ovaroli yangu ya kiwandani, nikapita mlangoni kwako nikasema kwa sauti, "Mama, mimi naenda. Nitarudi saa kumi." Nikatoka.

Sikuwa na pa kwenda. Nilipita mbele ya jirani nikiwa nimevaa ovaroli ya kiwanda kisichonitaka, naye akanisalimu, na sote wawili tulijua. Nilitembea mpaka Nyakato, nikaona aibu kulikaribia lile geti, nikageuza. Nilikaa ufukweni. Kesho yake hivyo hivyo. Njaa ilinishika, jua likanipiga, na kila nilipotaka kurudi mapema nilikumbuka kwamba saa hizo ndipo unapokatiza ua. Nikakaa.

Pale Mwaloni ndipo aliponiona Mashaka, tuliyekuwa naye kiwandani, akiwa anabeba barafu za wanunuzi wa sangara. Alicheka alipoiona ovaroli yangu, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza kama naweza kuinua boksi. Nikainua. Nikawa mbebaji wa barafu, halafu mpangaji wa samaki kwenye maboksi, na nikirudi nyumbani nanuka kiasi cha Minza kukimbia. Nilikuwa nikifika chini ya ngazi nakohoa kwanza, nakaa kidogo, kisha ndiyo napanda.

Nawe ukawa unameza. Kabula aliniambia, wewe hukuniambia, wala mimi sikukuuliza tena mlangoni. Mdomo ulirudi karibu na mahali pake. Mkono ulibaki mzito lakini uliweza kushika kisu na kumenya mihogo. Jioni moja nilisikia unamsuka Minza tena, taratibu, unamsimulia tena habari za ng'ombe wa baba yako. Niliegemea ukuta upande wangu nikiwa na harufu yangu ya samaki.

Ile siku ya kukubeba haikutajwa kamwe katika nyumba ile. Wazee wa kwenu waliposikia walituma mtu kuuliza kama ni kweli niliingia chumbani, na Kabula akamjibu kwamba ni kweli, na kama wana neno waje wamwambie yeye. Hawakuja.

Ulikuja kulitaja wewe. Ulikuwa umetaka kurudi Sengerema kwenye shamba lako, daktari ameridhika na presha yako, na Kabula hakuweza kusafiri wiki hiyo, ikabidi nikusindikize mimi. Kwenye kivuko ulikaa benchi la mbele na mimi nyuma yako, sote tukitazama maji. Nadhani uliweza kulisema kwa sababu hatukuwa tunatazamana.

"Baba Minza," ukasema, "siku ile nilikwambia usiingie."

"Ndiyo, mama."

"Ungenisikiliza ningekufa mle ndani." Ukavuta khanga mabegani. "Sikuwa na kinyongo na wewe. Ilikuwa aibu tu."

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kukuambia habari ya kigoda, na redio, na jinsi nilivyokujibia kwa muuguzi. Nilitaka kukuambia kwamba na mimi nilikuwa najificha pale uani, kwamba tulikuwa watu wawili tunajificha sehemu moja. Nikasema, "Hata mimi, mama."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukaniuliza kama kikohozi cha Minza kimepona. Nikakuambia kimepona.

Ulikaa Sengerema misimu mitatu ya mpunga, na iliyokuchukua ilikuwa homa, si presha. Mjomba alituambia kwamba mpaka siku za mwisho ulikuwa unadai kidonge chako cha asubuhi, na ukishameza unataka wanaume wote waondoke uani, naye alikuwa anawafukuza bila kujua sababu. Kwenye msiba watu walicheka kidogo aliposimulia. Mimi nilitazama chini.

Sasa nikuambie ya sasa. Presha imenipata na mimi. Niligunduliwa kwa bahati nilipoumia mgongo na barafu. Napanga foleni ile ile uliyokuwa unapanga, na ninawasikia wazee wenzangu wakiulizwa mbele ya watu wote kwa nini hawamezi dawa. Mmoja anasema amesahau. Mwingine anasema zimeisha. Wanaandikwa kuwa wasahaulifu na wakaidi. Mimi nawatazama vidole vyao wanavyovishikashika, na siamini kwamba wamesahau. Lakini sijasimama hata mara moja nikasema kitu. Hiyo nayo iongeze kwenye aibu zangu.

Na kidonge nilichopewa ni kile cheupe. Jumamosi iliyopita nilikuwa mshenga katika posa ya kijana wa rafiki yangu, kule Kiseke. Nilijua tutakaa sebuleni kwa watu muda mrefu, wazee kwa vijana, na mimi ndiye msemaji. Nilikishika kidonge mkononi, nikakirudisha kwenye kopo. Kabula alikuwa ananinyooshea koti. Akaniuliza kama nimemeza.

Nilianza kusema nimemeza. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lile lile lako. Nikakaa kitandani, nikamwambia sijameza, na baada ya muda nikamwambia na sababu: kwamba naogopa kuinuka inuka mbele za watu, naogopa kuchelewa kufika nje, naogopa suruali. Niliyatamka nikiwa nimetazama sakafu. Kabula hakucheka. Alisema posa hiyo wanaweza kuianza saa nane, kidonge kikiwa kimeshamaliza kazi yake, na akaenda kuwaambia.

Hayo maneno machache yalinichukua muda, mama, na nilikuwa namwambia mke wangu, chumbani kwetu, mlango umefungwa. Wewe ulikuwa ugenini, mwanao yupo safarini, na aliyekuwa anakuuliza mlangoni kila asubuhi ni mimi. Ungemwambia nani?

Pumzika, mama. Kabula hajambo, Minza amekua, anafanana nawe mikono. Sisi tupo.

Mkwe wako,
Baba Minza